Gauni la Harusi Lililotoka Sandukuni: Kulisoma, Kulifua, Kuliongeza na Kulitunza

Gauni likitolewa sandukuni baada ya miaka thelathini, limekuwa la manjano na linanuka uvundo, mkono wa kwanza hukimbilia baseni la maji. Mkono huo ndio huliua. Maji huondoa ushahidi: vumbi la pindo, alama za zipu iliyong'olewa, rangi ya asili iliyojificha ndani ya mshono. Halafu kitambaa kilichochoka hakibebi uzito wa maji yake chenyewe. Ukilinyanyua gauni limelowa, linachanika mabegani ukiwa umelishika.

Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu ni kusoma, kuandika, kupima, na mwishoni kabisa kulowesha. Unalihusu gauni jeupe la kanisani au la bomani, liwe la mama, la jaja (bibi), au lililonunuliwa kwenye mitumba ya soko la Owino, Kampala. Gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda, ina sehemu yake fupi kuelekea mwisho.

Siku ya kwanza: litandaze, usilitundike

Sukuma meza mbili pamoja au tumia kitanda, kisha tandika shuka jeupe lililofuliwa bila dawa ya kulainisha. Nawa mikono, ikauke kabisa, vua pete na saa, na losheni iache kwa siku hiyo. Chai ikae chumba kingine.

Piga picha karibu na dirisha bila flashi: mbele, nyuma, kila mkono, pindo, kisha geuza gauni na upige ndani. Weka rula kando ya kila doa na kila tundu. Ndani ndiko kwenye maneno mengi, kwa sababu fundi hupendezesha nje na kusahau ndani. Angalia mishono imemaliziwaje: kwa mkasi wa meno, kwa mkono, kwa kukunja na kushona tena, au kwa mashine ya ovaloki. Pima kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka bega hadi pindo, uandike kwa sentimita.

Kisha funga mapazia, uwashe ile taa ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Sabuni za kisasa zina kemikali za kung'arisha zinazowaka bluu-nyeupe chini ya taa hiyo. Gauni zima likiwaka, basi limewahi kufuliwa kwa sabuni ya aina hiyo, au kitambaa chenyewe kilitiwa king'arishi kiwandani. Mshono mmoja ukiwaka na mingine imetulia, hapo pameshonwa upya kwa uzi wa baadaye. Na madoa mengi ya jasho na vinywaji yasiyoonekana mchana hujitokeza hapo kama mawingu ya manjano. Yachore kwenye karatasi yenye umbo la gauni, maana taa ikizimwa hutayaona tena.

Kusoma umri wake

Anza na zipu. Zipu ya chuma kwa kawaida huashiria gauni la kabla ya katikati ya miaka ya 1960. Zipu ya nailoni iliyojisokota ilianza kuenea miaka hiyo ya 1960. Zipu iliyofichwa ubavuni, chini ya kwapa, ilipendwa miaka ya 1940 na 1950, kisha ikahamia mgongoni. Mikono mikubwa iliyotuna kama puto ni alama ya miaka ya 1980, baada ya dunia nzima kulitazama gauni la harusi la Diana wa Uingereza mwaka 1981 lenye mkia wa zaidi ya mita saba.

Gauni la mitumba huwa na lebo, na lebo husaidia. Alama ya CC41 ni ya Uingereza wakati wa mgao wa vita, kuanzia 1941. Kwa nguo ya Marekani, lebo ya kudumu ya maelekezo ya kufua ikiwamo, elekea 1972 au baadaye, kwa kuwa mwaka huo ndipo sheria ilipoitaka.

Gauni lililoshonwa Uganda halina lebo, ila lina historia ya nchi ndani yake. Kabla ya 1972 vitambaa vya kifahari vilipita sana katika maduka ya Wahindi, na mafundi wengi walikuwa Wahindi na Wagoa. Amri ya Rais Idi Amin ya Agosti 1972 iliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Miaka iliyofuata ikawa ya magendo na uhaba. Kitambaa cheupe cha maana kilikuwa shida, na gauni moja liliweza kuazimwa na maharusi kadhaa. Ukikuta kiuno kimepunguzwa, kikaongezwa, kikapunguzwa tena, usifikiri fundi alikosea. Huenda unaona miili ya wanawake watatu. Pamba nzito ya ndani nayo inaweza kuwa ya kiwanda cha NYTIL cha Jinja, kilichojengwa miaka ya 1950 sambamba na bwawa la Owen Falls.

Usikubali ushahidi mmoja peke yake. Chukua mfano: familia inasema gauni ni la 1961, lakini zipu ni ya nailoni. Kabla ya kumwambia jaja kwamba kumbukumbu imemtoka, tazama kando ya zipu kwa kioo cha kukuzia. Ukiona mstari wa pili wa matundu matupu ya sindano, milimita mbili tatu kutoka mshono wa sasa, na pengine kivuli cha kutu ya kahawia, basi zipu ya kwanza ilikuwa ya chuma na hii ni ya kubadilishia. Jaja alikuwa sahihi.

Kuikusanya hadithi yake

Usianze kwa kuuliza mwaka. Wazee wetu wengi hawahesabu harusi kwa tarakimu, huhesabu kwa matukio. Uliza ilikuwa kabla au baada ya Uhuru wa Oktoba 1962. Vurugu za Mengo za 1966. Ziara ya Papa Paulo wa Sita ya 1969. Kuondoka kwa Wahindi 1972. Vita vya 1979, majeshi ya Tanzania yalipoingia Kampala. Kubadilishwa kwa pesa 1987, sifuri mbili zilipokatwa. Ukipata tukio kabla na tukio baada, umeshaibana harusi ndani ya miaka michache.

Kisha uliza vitu vya mkono. Nani alishona? Kitambaa kilitoka duka la mtaa gani, na nani alilipa? Shela lilikuwa lake au la kuazima? Nani mwingine alilivaa? Kulitokea nini hapa, ukionyesha doa kwa kidole? Swali hilo la mwisho ndilo hufungua mdomo kuliko yote, kwa hiyo mfanyie mahojiano mwenye gauni likiwa mbele yake, kabla hujalifua. Rekodi kwa simu, na mwache anyamaze akitaka kunyamaza. Senga (shangazi) aliyemvalisha siku hiyo mara nyingi anakumbuka mengi kuliko bi harusi mwenyewe, ambaye alikuwa na mambo mengine kichwani.

Karatasi huja baadaye. Kanisa lililofungisha ndoa hubaki na daftari la ndoa, na nakala za ndoa zilizosajiliwa huenda URSB, ofisi ya usajili ya serikali. Nenda na majina yote mawili kama yalivyoandikwa wakati ule, jina la parokia, na miaka yako miwili ya makadirio. Picha ya studio igeuze nyuma utafute mhuri.

Andika katika safu tatu: kitambaa kinasema nini, watu wanasema nini, karatasi inasema nini. Zisipokubaliana, ziache hivyohivyo, usizilazimishe. Na kama gauni ni la mitumba, hadithi yake ya kwanza ni ya mwanamke wa mbali usiyemjua. Andika ulichokiona na ulipolinunua, usimtungie mume.

Kitambaa gani hiki?

Hapa ndipo gauni huokoka au hupotea, maana dawa ya pamba ni sumu ya hariri. Chomoa nyuzi mbili tatu za sentimita 2 kutoka ndani ya mshono, moja ya kitambaa cha juu, moja ya bitana, moja ya lesi. Zishike kwa kibanio cha nyusi juu ya sahani ya udongo yenye maji kidogo, uzisogeze kwenye moto wa kiberiti.

Pamba na rayoni huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha jivu laini la kijivu. Hariri huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake jeusi husagika vidoleni. Polyesta huyeyuka kwa moshi mweusi na kuacha tone gumu lisilosagika. Nailoni nayo huyeyuka na kuganda, ikijikunja kuukimbia moto. Aseteti, ambayo ndiyo satini ya magauni mengi ya katikati ya karne iliyopita, huwaka na kuyeyuka kwa wakati mmoja ikitoa harufu ya siki. Aseteti ina adui mwingine: asetoni ya kufutia rangi ya kucha huiyeyusha palepale. Usimruhusu mtu afute doa la rangi ya kucha kwa dawa hiyo kabla hujajua kitambaa.

Kisha pima nguvu. Shika ukingo wa mkunjo uliokaa miaka mingi, uuvute polepole mno kwa vidole viwili. Hariri ya kale iliyotiwa chumvi za madini ili iwe nzito hupasuka kwenye mikunjo kama jani kavu. Ikipasuka, hakuna dawa ya nyumbani. Itunze ikiwa imelala, usiifue wala usiivae.

Haya yasiguse maji nyumbani: hariri inayopasuka, rangi inayotoka ukiikandamiza kwa pamba nyeupe yenye unyevu, nyuzi za chuma, gauni lenye ubao wa karatasi ndani ya kola au kiuno, na sikwini za zamani sana. Sikwini za miaka ya 1920 na 1930 nyingi zilitengenezwa kwa jelatini. Zikilowa huyeyuka, zikipigwa pasi hunata. Na kabla ya kukimbilia drai klina, kagua shanga. Lulu zilizogundishwa kwa gundi, za magauni ya miaka ya 1980 na 1990, huweza kuachia ndani ya mashine kwa kuwa dawa huyeyusha gundi, na ngozi ya lulu bandia hubanduka. Muulize mwenye duka anatumia dawa gani na mwombe aijaribu kwenye lulu moja ya ndani ya pindo. Akikataa, chukua gauni lako uondoke.

Kufua kwa mkono

Hii ni kwa pamba, polyesta, nailoni, na hariri yenye nguvu ambayo haitoi rangi. Kwa rayoni ongeza uangalifu, kwani ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.

Andaa:
- beseni kubwa la plastiki au bafu safi, lita 40 hivi. Karai la chuma hapana.
- sabuni laini ya maji isiyo na rangi wala king'arishi. Shampuu ya mtoto inafaa.
- shuka la kubebea gauni, taulo nyeupe nne hadi sita, na kipande cha neti.
- mtu wa pili.

Maji yenyewe ni jambo. Maji ya kisima cha pampu katika sehemu nyingi za Uganda yana chuma, na chuma hicho huacha wekundu kwenye nguo nyeupe usiotoka kwa dawa ya kung'arishia. Maji ya mvua ni bora, ila si ya dakika za kwanza zinapoosha paa, na si ya mabati yenye kutu. Ya bomba ni sawa ukiyachuja kwa marikani (kitambaa cha pamba cha kawaida) iliyokunjwa mara mbili.

Ng'oa kwanza kulabu, pini, na vifungo vyenye chuma ndani. Kutu hutoka huko, na ukitumia dawa ya oksijeni chuma huichochea ifanye kazi kwa fujo mahali pamoja hadi kitambaa kitoboke. Piga picha kabla ya kung'oa, uviweke kwenye bahasha. Kisha nyonya vumbi: weka neti juu ya kitambaa, tumia mashine ya kunyonya vumbi kwa nguvu ndogo kabisa. Kama huna mashine, tumia brashi laini ya rangi, ukifagia upande mmoja tu.

Tope la murram, udongo mwekundu wa barabara, ni habari yake. Wekundu ule ni oksidi ya chuma. Ukiulowesha kabla haujaondolewa ukiwa mkavu, unausukuma ndani ya nyuzi na jiki haitaugusa. Piga pindo kwa brashi kavu, nyonya, rudia hadi brashi itoke safi, ndipo maji.

Tandaza shuka ndani ya beseni, laza gauni juu yake, mimina maji ya baridi pembeni hadi lifunikwe. Acha dakika 20. Maji yatageuka rangi ya chai. Usishangae, hiyo ni asidi na sukari iliyochakaa inatoka. Nyanyueni shuka kwa pembe nne, mwage maji, mweke mengine. Rudieni hadi rangi ipungue, mara mbili hadi nne.

Sasa weka vijiko vikubwa viwili vya sabuni, mililita 30, kwa lita 40 za maji ya vuguvugu. Koroga sabuni kwanza, gauni baadaye. Bonyeza kwa viganja na uachie kama anayekanda unga mlaini. Usisugue, usikamue. Dakika 15 zinatosha. Suuza mara nne hadi sita, kisha chota maji ya mwisho kwenye chupa angavu uitikise. Povu likisimama juu, bado. Sabuni iliyobaki ndiyo manjano ya miaka mitano ijayo. Kwa hariri, suuza moja kabla ya mwisho iwe na kijiko kimoja cha siki nyeupe kwa kila lita 5.

Manjano na madoa

Manjano ya jumla kwenye pamba au polyesta hupungua kwa unga wa oksijeni usio na klorini. Soma pakiti utafute neno perkaboneti. Kijiko kimoja kikubwa kwa lita 5 za maji ya nyuzi 40, saa nne hadi sita, ukikagua kila saa. Hariri na sufu usizitie humo, hazivumilii magadi yake. Jiki kwa hariri ni maafa kamili: klorini huyeyusha nyuzi zenyewe, kwanza zinakuwa za manjano, kisha zinateleza kama uji. Hata kwenye nailoni jiki haifai.

Madoa ya kahawia yenye ukingo mkali, yaliyotokea sandukuni ambapo zamani hapakuonekana kitu, ni ya soda, shampeni, au sukari ya keki. Siku ya harusi yalikauka yakawa hayaonekani, na sukari ikaendelea kuchakaa taratibu kwa miaka. Yakiwa ya kale sana hayatoki yote. Loweka tena na tena, kisha ukubali. Doa lililofifia ni bora kuliko tundu.

Kutu kwenye pamba nyeupe peke yake: tone la maji ya limau na chumvi kidogo, dakika 15, kisha suuza kabisa kwa maji mengi, maana asidi ikibaki hula pamba. Jasho la kwapani huacha kitambaa kikiwa dhaifu hata manjano yakitoka, kwa hiyo pashike kama jeraha.

Kukausha na pasi

Usitundike. Sambaza taulo mezani, laza gauni, weka taulo jingine juu, bonyeza. Badilisha taulo hadi maji yasitoke, kisha lihamishie kwenye neti iliyovutwa kati ya viti vinne ili hewa ipite chini. Neti hiyo isiwe chandarua chenye dawa ya mbu. Feni ya mbali inasaidia.

Usikaushe nje, hata kivulini. Jua huigeuza hariri na nailoni kuwa manjano, na kuna nzi wa maembe, ambaye hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu. Nguo ya kawaida hupigwa pasi kali na mayai yakafa. Gauni la satini halivumilii pasi hiyo, na bi harusi kuota majipu yenye funza wiki ya fungate hapana.

Piga pasi kwa nyuma, ukitanguliza kitambaa cheupe cha pamba, moto mdogo kwa aseteti na nailoni, wa kati kwa hariri. Lesi na shanga ziweke zikitazama chini juu ya taulo nene. Pasi ya mkaa iachie kanga tu: cheche moja kwenye polyesta ni tundu lenye ukingo mgumu mweusi.

Kuziba na kuongeza

Kabla ya mkasi wowote, ruhusa. Gauni la mama ni la dada wote, na ugomvi wa gauni lililokatwa bila kuulizwa hudumu kuliko ndoa nyingi. Wakikubali, kila kipande kinachotolewa kihifadhiwe.

Tundu la lesi lizibe kwa neti ya rangi ileile, iliyopita ukingo wa tundu kwa sentimita 2 kila upande, ikishonwa kwa nyuma na sindano nyembamba namba 10 au 12. Satini iliyochanika usiivute ikutane. Weka kipande chepesi chini yake, shona kwa nyuzi za kulala zilizoachana milimita 4 hivi. Linganisha rangi ya uzi mchana, si chini ya taa ya dukani, na ulinganishe na kitambaa kilivyo leo, si kilivyokuwa. Gundi ya aina yoyote, hata ile ya kupiga pasi, usiilete: hugeuka kahawia na kuwa ngumu.

Kuongeza ndiyo kazi inayotafutwa zaidi, kwa kuwa mama aliolewa akiwa mwembamba. Hesabu kwanza. Gauni lina kifua cha sentimita 84, bi harusi ana 92. Nafasi ya kupumua 4, jumla inahitajika 96. Pungufu ni 12. Fungua mishono ya ubavuni utazame akiba iliyobaki: ukiweza kuachia sentimita 1 kwenye kila moja ya kingo nne, umepata 4. Zimebaki 8, na hizo zinatoka mgongoni.

Mgongo wa kamba ndio suluhisho tunalolipendekeza, kwa sababu haukati kitambaa cha asili. Toa zipu. Imarisha kingo mbili kwa ukanda wa pamba wa sentimita 3 na uweke mfupa wa plastiki ndani ya kila ukingo, bila huo mgongo hujikunja kama akodiani. Kwa uwazi wa urefu wa sentimita 35, weka vitanzi 15 kila upande, vikiachana sentimita 2.5. Kamba ya satini iwe mita 5, kwani lazima ilegee vya kutosha nyonga zipite wakati wa kuvaa. Chini yake shona kipande cha kuziba mgongo cha upana wa sentimita 16, upande mmoja kikiwa kimeshonwa, mwingine huru. Kitambaa kipya cheupe kitalizomea gauni la kale. Kiloweke kwenye chai nyepesi na ukijaribu kwa vipande, au kata kutoka ndani ya pindo pana. Kiyembe, mtaa wa vitambaa wa Kampala, utapata lesi na satini za krimu za kila daraja. Nenda na sampuli mkononi, si picha ya simu.

Ukiachia mshono, mstari wa zamani hubaki: matundu ya sindano na ukanda mweupe ambao haukuona mwanga. Mvuke hupunguza matundu, lakini ukanda ule haufichiki ila kwa lesi juu yake. Mwambie mteja kabla. Na ukiongeza zaidi ya sentimita 5 kwapani, mkono hautanyanyuka kucheza. Ongeza kipande cha umbo la almasi, sentimita 8 kwa 8, chini ya kwapa.

Shona kwanza mwili wa majaribio kwa marikani. Bi harusi akae nao, ainame, anyanyue mikono, apande gari. Makosa yote yatokee kwenye marikani.

Gomesi ya siku ya kwanjula

Gomesi ya kwanjula, sherehe ya kutambulishana familia kabla ya ndoa, mara nyingi hukaa sanduku moja na gauni. Itambue kwa shingo ya mraba, mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto, na mshipi mpana kiunoni. Jina lake linahusishwa na Gomes, fundi Mgoa aliyeishona mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mshipi ndio huchakaa kwanza, kwenye fundo, kwa hiyo utoe, ulale ukiwa umenyooka. Ikunje kwa kufuata mapana ya kitambaa, usiyakunje mabega, yajaze marikani.

Siku ya kuvaa

Shona pedi za kwapa za pamba kwa mishono mirefu. Manukato na deodoranti vipakwe dakika 15 kabla ya gauni. Ndani ya pindo shonea kwa muda utepe wa pamba wa sentimita 5, ubebe vumbi badala ya satini, kisha uchomolewe usiku huohuo. Mkia uwekewe vitanzi na vifungo vitatu hadi vitano vya kuunyanyulia wakati wa kucheza. Mpate msichana mmoja mwenye kazi hiyo tu.

Kulirudisha

Lifuliwe ndani ya wiki, hata kama halina doa linaloonekana. Kumbuka sukari.

Sanduku la plastiki lenye namba 5 chini (namba ya aina ya plastiki) linafaa. Mfuko wa drai klina na plastiki laini yenye harufu havifai, hunasa unyevu na kutoa kemikali zinazoleta manjano. Mbao tupu na karatasi za gazeti hutoa asidi. Funika kuta za ndani kwa marikani iliyofuliwa mara mbili bila wanga, bila buluu, bila dawa ya kulainisha. Wanga ni chakula cha mende. Katika kila mkunjo weka mviringo wa marikani mnene kama mkono wa mtoto, ili pasitokee kona kali. Mikono na kifua vijazwe vilevile.

Sanduku lisikae sakafuni, lisiegemee ukuta wa nje, lisiwe juu ya dari chini ya mabati. Kampala ina unyevu mwingi, kwa hiyo lifungue mara mbili kwa mwaka wakati wa kiangazi, Januari au Februari na tena Julai, asubuhi kavu, ulikunje upya mahali pengine. Vidonge vya naftalini visiguse gauni, hulainisha plastiki za vifungo na sikwini. Ukiona nondo, lifunge gauni ndani ya mifuko miwili ya plastiki, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha litoe uliache saa 24 kabla ya kufungua mfuko, ili unyevu utue nje ya mfuko. Usifanye hivyo kwa gauni lenye shanga za kioo au plastiki ya kale.

Juu kabisa, ndani ya bahasha ya karatasi nyeupe, weka nakala ya zile safu tatu, zipu ya kwanza, kulabu zilizong'olewa, vipande vilivyokatwa, na sentimita 20 za uzi uliotumia kuongeza gauni. Andika kwa penseli, kwa kuwa wino huhama. Tia jina la aliyelivaa safari hii, tarehe, na mahali alipomwagikiwa soda.